Ruzuku za kutunza vyanzo vya maji na ardhi: andiko ndilo jambo la mwisho (uzi mrefu kidogo)

#1 Mkorongoni

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki hapa jukwaani bila mtu kuomba "sampuli ya andiko la mradi wa chanzo cha maji". Anatumiwa, anafuta jina la kijiji cha watu, anaweka la kwao, anatuma kwa mfadhili. Halafu kimya. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku milimani, bonde la Pangani, na nimewahi kualikwa kukaa kwenye meza ya kuchuja maandiko ya vikundi vya wilaya nyingine. Kikundi kinanyimwa hela, au kinapewa halafu kinagombana, kwa mambo ambayo hakuna sampuli inayoyasema: chanzo kiko kwenye ardhi ya nani, mpaka wake unaishia wapi, daftari la fedha linafunguliwa mbele ya nani, na mradi ukifungwa, posho ya mlinzi itatoka wapi.

Nianze na hela zenyewe, maana najua ndizo zilizowaleta.

Kuna mifuko ya ndani. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, hutangaza ruzuku na vikundi vya jamii vinaruhusiwa kuomba. Ukiwa kwenye Milima ya Tao la Mashariki, yaani Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na kushuka hadi Udzungwa, kuna mfuko wake wa hifadhi unaojulikana kwa kifupi EAMCEF, uliosajiliwa 2001, makao Morogoro. Huo uliundwa kama mfuko wa kudumu: mtaji umewekezwa, miradi inakula faida. Halafu kuna programu ya ruzuku ndogo ya GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) inayopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ipo tangu 1992, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Wapo wanaoliona dau hilo dogo. Kwa kikundi ambacho hakijawahi kushika milioni tano kwa pamoja, hilo dau ni kubwa kupita kiasi.

Na kuna mashirika makubwa yanayopata hela nje kisha yanavipa vikundi vipande vya utekelezaji. Wengi wetu tuko hapa. Hapa ndipo unapopewa kazi bila bajeti: wewe unaitisha mkutano, unaandaa miche, unapanda mlima na wageni, na bajeti ya gari inakaa kwao.

Jambo dogo kabla sijasahau: ile asilimia 10 ya halmashauri ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu si ruzuku. Ni mkopo. Hauna riba lakini unarudishwa. Nimeona kikundi kimechukua mkopo ule kuotesha miche ya miti ya asili. Sasa mkuyu utaanza kutoa marejesho mwezi wa ngapi?

Tuje kwenye makaratasi.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo. Kila andiko limenukuu mstari huo. Mezani hatukuwa tunauliza habari ya sheria. Tulikuwa tunauliza ndani ya hizo mita 60 kuna shamba la nani, na amekubali nini. Kwetu kulikuwa na mzee mwenye migomba na magimbi mpaka kwenye jicho la maji lenyewe. Ukimsoma kwa sheria ni mvamizi. Ukimuuliza, baba yake alilima pale kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kamati ya kwanza ilitaka kumtoa kwa barua ya mtendaji. Angetoka, kisha usiku angerudi na panga kukata miche yetu, na nani angemlaumu? Ikaitwa mkutano mkuu wa kijiji, wakakubaliana: magimbi anang'oa msimu ule, migomba anavuna mpaka iishe na hapandi mipya, kijiji kinampa kipande kingine bondeni. Yakaandikwa kwenye muhtasari, akasaini yeye na wanawe wawili, mtendaji akagonga mhuri. Mgeni wa mfadhili alipokuja aliisoma karatasi hiyo mara mbili, kurasa zetu za "uhalali wa mradi" hakuzigusa.

Kwa hiyo kama kijiji chenu hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombi lenu la kwanza liwe hilo, hata kama linaonekana halina picha nzuri. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kijiji kinasimamia ardhi yake, lakini bila mipaka iliyokubaliwa na majirani na bila mpango, kila kitakachopandwa kinakaa kwa hisani ya mtu.

Jambo la pili ni usajili. Jumuiya ya watumia maji iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 na inashughulika na bodi ya maji ya bonde lake. Nchi ina mabonde 9, jua lako ni lipi. Vile vyombo vya kuendesha bomba na kukusanya hela ya ndoo viko upande wa RUWASA (wakala wa maji vijijini), ni kitu kingine kabisa. Kikundi cha kawaida cha mazingira kinasajiliwa halmashauri. Nimeona andiko limeambatishwa hati ya chombo cha bomba, shughuli zote ni za kutunza mto, na waliosaini ni watu wa kikundi cha tatu. Hilo halikusomwa zaidi ya ukurasa wa pili.

La tatu ni miche. Jamani, miche! Mfadhili anapenda namba, na sisi tumejua kumpa. "Tutapanda miche 50,000." Itamwagiliwa na nani kiangazi? Nani atarudi mwaka wa pili kuhesabu iliyo hai? Kuna mradi mmoja nauhifadhi jina uliwapa watu mikaratusi wapande korongoni, kwa kuwa inaota haraka na inapendeza kwenye ripoti. Mikaratusi inakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na miaka michache baadaye kijito kikawa cha masika tu. Andiko linaloahidi miche michache ya mikuyu na miringaringa, na lina bajeti ya mtu wa kuipalilia kwa miaka miwili, mimi naliongezea alama.

La nne nitalieleza kwenye maswali, maana ndilo refu: namna ya kutunza hela, na ya kuendelea mfadhili akiondoka.

Karibuni.

#2 Swali Tu

Mkuu asante, nimeweka kambi hapa. Sisi tulipata ruzuku ndogo mwaka jana, tukajenga uzio na mnywesheo wa ng'ombe nje ya chanzo ili wasiingie ndani. Kazi imekamilika na watu wameridhika. Shida imekuja kwenye ripoti. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila kitu. Mawe tulinunua kwa vijana wanaopasua mlimani, mchanga ulibebwa na punda, fundi ni wa hapahapa. EFD punda ataitoa wapi? Wametuandikia kwamba hayo ni "matumizi yasiyostahili" na tuyarudishe.

#3 Ngitili

Nimecheka punda, ila hili si la kuchekesha.

Mleta uzi, kwenye miche niongezee. Sisi watu wa Shinyanga hatukuanza na miche. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza 1986 wakati nchi ilikuwa imebaki vumbi, na kilichobeba kazi ni ngitili: unafunga eneo la malisho msimu wa mvua, visiki vilivyo chini vinachipua vyenyewe, kiangazi unafungua kwa utaratibu. Babu zetu walikuwa nazo kabla ya mradi wowote. Mradi ulichofanya cha maana ni kukubali kwamba wenyeji wanajua, na sungusungu na serikali za vijiji zikasimamia. Kazi ile ilipata tuzo ya Equator ya UNDP 2002. Lakini nenda kaandike leo andiko linalosema "tutafunga eneo na kusubiri". Atakuuliza shughuli ziko wapi.

#4 Kijiwe cha Kahawa

Mnajichosha. Hela zinaliwa juu. Asasi za mfukoni zina ofisi mjini, zina picha za bibi amebeba ndoo, hela zikishuka kijijini zimebaki fulana na maji ya chupa. Na nyie mnafundishana kuandika muhtasari. Muhtasari wa nini?

#5 Mkorongoni

Kijiwe, hujakosea sana, na nina namba za kukuunga mkono. Kule Glasgow 2021, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, wafadhili wakubwa waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na misitu ya jamii za wenyeji. Taarifa yao wenyewe ilionyesha kwamba mwaka wa kwanza takriban asilimia 7 tu ndiyo iliyoenda moja kwa moja kwenye asasi za jamii hizo. Mwaka uliofuata ikashuka hadi asilimia 2.1. Iliyobaki ilipitia kwa wakubwa. Hayo wameyasema watoa hela wenyewe, hayakutoka kijiweni.

Ila sababu wanayoitoa kila wakati ni moja: "vikundi havina uwezo wa kusimamia fedha". Nusu yake ni kisingizio, maana hata shirika kubwa lilianza likiwa halina uwezo, likapewa hela ya kuajiri mhasibu. Nusu nyingine ni daftari letu. Ndiyo maana nahangaika na muhtasari.

Swali Tu, punda wako anatibika. Mkataba unaposainiwa, kabla hela haijaingia, omba kwa maandishi kipengele cha manunuzi yasiyo na EFD. Wengi wanakubali wakiombwa mapema, wakiombwa baadaye ni ugomvi. Kisha kila malipo ya namna hiyo yawe na hati ya malipo: jina la aliyelipwa, kazi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini au dole gumba, namba ya simu, shahidi mmoja wa kamati, mtendaji wa kijiji amegonga mhuri. Inapowezekana lipa kwa simu, ujumbe wa muamala ni ushahidi usiobishika. Kwa hizo mlizokwisha kutumia, msikimbilie kurudisha. Waandikieni barua, mkusanye hati hizo sasa hivi kwa vijana wa mawe wenyewe, mpige picha za tuta la mawe na mnywesheo, muombe wakubali kwa mara hii. Tarehe kwenye hati iwe ya siku mnayoiandika, na mseme wazi kwamba malipo yalifanyika lini. Mkirudisha tarehe nyuma, hapo mmejimaliza.

Kingine: mchango wenu uandikeni. Programu ya GEF na wengine wengi wanataka kikundi kichangie, na nguvu kazi inakubalika. Kaunta buku moja, tarehe, majina, saa za kazi, saini. Vikundi vinachimba mitaro msimu mzima halafu kwenye andiko vinaandika "jamii itachangia asilimia 10" bila kujua ilikuwa imeshachangia zaidi ya hapo.

#6 Nyandarua254

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mambo yanafanana lakini njia imenyooka kidogo. Vyama vya watumiaji maji, tunaviita WRUA, viliingia kwenye Sheria ya Maji ya 2002 na vikabaki kwenye ile ya 2016. Ukitaka pesa za mfuko wa serikali wa maji, lazima kwanza muwe na mpango wa kusimamia kijito chenu: mnatembea mto mzima kwa miguu na watu wa mamlaka ya rasilimali za maji, mnaandika nani anachota wapi, nani analima hadi ukingoni, nani ana pampu bila kibali. Pesa zinafuata mpango huo kwa awamu, hupati awamu ya pili kabla ya kueleza ya kwanza. Ni pole pole, na kuna wakati mnangoja mpaka watu wanaacha kuja mikutanoni. Lakini ule matembezi pekee yake yalitusaidia kuliko semina zote, kwa sababu mwenye pampu alikuwa mwenyekiti wetu.

Jambo la pili ningependa mfikirie: si lazima mtoaji awe mfadhili. Bonde la Ziwa Naivasha, wakulima wa juu huko Wanjohi na Turasha walianza kupewa vocha za pembejeo kwa kuweka nyasi za kuzuia mmomonyoko na kuacha kingo za mto. Waliochangia ni watumiaji wa maji walio chini, kupitia chama chao, wakiwemo wenye mashamba ya maua. Na Tana ya juu kuna mfuko wa maji wa Nairobi ulioanzishwa 2015, hesabu yake ni rahisi: matope yakipungua juu, gharama ya kusafisha maji inapungua chini.

#7 Mama Bonde

Nimesoma yote nikitabasamu. Kaka Mkorongoni, umesema mzee alisaini na wanawe wawili. Mkewe je? Aliyekuwa akivuna yale magimbi kila Jumamosi na kuyapeleka gulioni alikuwa nani? Sisi huku kipande tulichopewa "badala" kiliandikwa jina la mume, kikauzwa ndani ya mwaka, mama akarudi korongoni. Alipokamatwa faini alitozwa yeye.

Na kwenye akaunti: mwanamke anawekwa mtunza hazina kwa sababu fomu inataka, kadi ya benki anakaa nayo mwenyekiti. Tukadai watia saini watatu, wawili lazima wafike dirishani, na ujumbe wa benki uingie kwenye simu mbili. Mwenyekiti alinuna. Akazoea.

Msisahau na wafugaji. Mnafunga chanzo kwa uzio, ng'ombe anakunywa wapi? Aliyeweka mnywesheo nje (#2) amefanya la maana kuliko mabango yote ya "usiingie".

#8 Mkorongoni

Dada Mama Bonde, la mke halina ubishi, nimeliandika na litaingia kwenye kikao chetu kijacho. Muhtasari uwe na saini ya anayelima, awe nani.

Nyandarua, hiyo njia ya watumiaji wa chini kuchangia wa juu tuliijaribu hata Tanzania. Uluguru, kwenye vijiji vya Kibungo upande wa mto Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yalisimamia mpango ambapo DAWASCO (shirika la maji la Dar es Salaam wakati ule) na Coca-Cola waliweka hela, wakulima wakalipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti. Wakulima walipokea, matuta yalichimbwa. Lakini mnunuzi anapokuwa mmoja au wawili na hakuna kifungu kinachomlazimisha, siku akibadilisha vipaumbele vyake, mkulima anabaki na matuta na ahadi. Mimi ningependa kuona sehemu ya ada za matumizi ya maji zinazolipwa bodi ya bonde ikirudi kwa jumuiya kwa utaratibu ulioandikwa, hata iwe kidogo. Hela kidogo inayokuja kila mwaka ni bora kuliko kubwa inayokuja mara moja.

Hapa ndipo lilipo lile la nne nililoliahidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu waligundua miradi mingapi ya uhifadhi ilikuwa inasimama kwa mguu mmoja. Barua inakuja Jumatatu, kazi inasimama Jumanne. Vilivyopona ni vile vikundi ambavyo mlinzi wa chanzo alikuwa analipwa na wanachama. Kwetu kila mwenye mfereji anatoa kiasi kwa msimu, na faini za sheria ndogo zinaingia kapu hilohilo. Haitoshi kujenga kitu. Inatosha mlinzi na daftari.

Kwa hiyo kwenye andiko tenganisheni. Mambo ya mara moja (ramani, vigingi, mnywesheo, kesi ya mpaka) ombeni ruzuku. Mambo ya kila mwezi yalipeni wenyewe, au ombeni ruzuku iyabebe kwa muda huku mkionyesha kwa maandishi mwezi ambao mtayachukua. Na msione haya kuweka mstari wa gharama za uendeshaji: nauli ya kwenda benki, makato ya akaunti, vocha ya simu ya katibu, karatasi. Wenye magari wanaweka. Tena kama mmesajiliwa kama NGO, kumbukeni kwamba mkataba unaozidi milioni 20 una masharti ya kuwasilishwa serikalini, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mapema.

#9 Kijiwe cha Kahawa

Sasa hapo nimekuelewa. La faini mmelipitishaje? Sisi tulitunga sheria ndogo, mtu akakataa kulipa, akasema kamati si mahakama.

#10 Mkorongoni

Na ana haki. Sheria ndogo inayotozwa watu inatungwa na halmashauri ya kijiji, inapita mkutano mkuu wa kijiji, inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kanuni mliyoandika kwenye katiba ya kikundi inawabana wanachama tu. Angalieni yenu imefika wapi, mara nyingi inakuwa imelala kwenye droo ya kata.

#11 Swali Tu

Wakuu, tumeandika barua jana, hati za mawe tumezipata zote isipokuwa kijana mmoja kahamia Dar, tumemtumia kwa simu asaini na kurudisha picha.

La mwisho: kuna mtu amekuja na habari za kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu wake. Anasema tusaini miaka 30, hela itaingia kwa hekta. Ana fomu tayari na anataka muhtasari wa kijiji ndani ya wiki hii.

#12 Mama Bonde

Wiki hii! Mwambieni muhtasari wa kijiji haupikwi kama chai.

#13 Mkorongoni

Kaboni si uongo. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wanalipwa kwa msitu wao, lakini angalia walichotangulia nacho: mipango ya matumizi ya ardhi na hati za kimila za pamoja zilizokuwa tayari mikononi. Mwenye karatasi anaweza kujadiliana bei.

Huyo wako mwambieni mambo haya kwa barua, siyo kwa mdomo. Alete mkataba wote kwa Kiswahili. Aandike mgao wa kijiji ni asilimia ngapi ya mauzo, na mauzo ni kabla au baada ya kutoa gharama zake. Aandike nani anaruhusiwa kuingia kukata kuni na kuchunga katika hiyo miaka, na kijiji kinaweza kujitoa vipi. Nakala moja ipelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri na nyingine kwa afisa misitu kabla mkutano haujaitishwa. Mkutano mkuu ukiitwa, mkataba usomwe wote, usifupishwe.

Ukipata majibu yake yaweke hapa, ukificha jina lake, tuyapitie pamoja.